Ile Friji Iko Namna Gani?

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, keki, na dakika tano za kusema. Saa nashukuru, inakwenda vizuri, ingawa sijui mstaafu anaiangalia kwa ajili ya nini. Keki waliimaliza wajukuu. Zile dakika tano ndizo zilizonishinda. Nilisimama, nikamshukuru Mungu, nikawashukuru wakubwa wa kazi, na nilipofika kwenye jambo lenyewe nililotaka kusema, nikatoa leso, nikakaa. Mkapiga makofi. Mlidhani ni furaha.

Nilitaka kuwaeleza habari ya meza yetu, na habari ya Mama Feza wa Kirungu. Wengi wenu mlimwona mara moja au mbili tu kwenye mkutano wa mwaka: mama mfupi, koti la sufu hata kwenye joto hili la Kalemie, amekaa viti vya nyuma na mfuko juu ya mapaja. Amekufa, na ameacha kitu ambacho nataka mjue cha kufanya nacho. Ndiyo maana naandika.

Nianze mwanzo, maana kuna vijana wanaoniita "mzee wa depo", ile bohari yetu ya chanjo, na hawajui nilikuwa nafanya nini humo. Nilikuwa fundi wa friji za chanjo. Chanjo inashuka kwenye ndege ikiwa baridi, na lazima imfikie mtoto kijijini ikiwa bado baridi. Kati ya ndege na mtoto kuna jua, mashimo ya barabara, na watu wanaotaka kuficha bia yao ndani ya friji. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nywele zikawa nyeupe.

Friji za wakati ule zilitumia mafuta ya taa, ambayo huku kwetu tunayaita petroli. Chini kuna kichomeo chenye utambi, moto unawaka, na juu vitu vinaganda. Siku yangu ya kwanza nilifikiri wananitania. Mwalimu wangu, Papa Selemani, mzee mrefu aliyekuwa na masizi mpaka kwenye kola ya shati lake la sikukuu, hakunieleza chochote. Alinipa kioo kidogo cha kunyolea ndevu, akaniambia nilale tumbo chini na kukisukuma chini ya friji.

"Unaona rangi gani?"

"Ya njano, Papa."

"Basi ile haiko moto. Njo moshi unajifunza kuwaka. Punguza utambi mpaka uone buluu. Na usiinuke kama haujaiona."

Sikuinuka mpaka mchana. Nilijifunza mambo mawili siku ile: moto wa friji ni wa buluu, na sakafu ya depo ina siafu. Kioo kile ninacho mpaka leo, kimepasuka kona moja. Kila fundi aliyepita mikononi mwa Papa Selemani alikuwa na chake kwenye mfuko wa shati, na wake zetu walichoka kutuuliza tunajitazama kwa nini.

Kabla mwaka haujaisha alinipeleka kwenye mkutano. Mara moja kwa mwaka, mvua zikikatika, mafundi wa zoni zote za afya walikusanyika hapa Kalemie, kwenye ukumbi wa parokia karibu na ziwa. Wa Kabalo walikuja na treni, treni ikipenda. Wa Manono walikuja kwa malori na baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope. Wa Moba na Kirungu walikuja na boti. Asubuhi tulisikiliza mafunzo ya wageni kutoka Lubumbashi, na sitawadanganya, mengine yalitulaza usingizi. Lakini mengine yaliokoa watu. Mgeni mmoja alitufundisha kutikisa chupa. Chanjo ya pepopunda ikishaganda mara moja imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Ukiitikisa na kuiweka, unga wake unazama haraka, wakati chupa iliyo hai inabaki na ukungu. Mpaka siku ile sisi tulikuwa tunasifiana kwa baridi kali, kama watu wanaosifiana kwa kula sana.

Mchana ndipo ilipokuja meza. Hiyo haikutoka Lubumbashi. Aliianzisha Papa Selemani mwenyewe kabla mimi sijaingia kazini. Ilikuwa meza ndefu ya parokia, juu yake turubai chakavu, na kila fundi alipaswa kuweka pale kitu kilichovunjika kwake mwaka ule. Si taarifa, si hesabu ya watoto waliochanjwa. Kitu chenyewe, na masizi yake. Unakiweka, unaeleza kilivunjikaje na ulifanya nini, na wenzako wanajibu. Hakuna aliyekula kabla meza haijajaa. Kulikuwa na wale waliokuja mikono mitupu na kusema kwao mwaka ulikuwa mzuri. Papa Selemani aliwatazama tu.

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," alikuwa anasema. "Rudia kutafuta mu mufuko."

Na kila mara kitu kilionekana mfukoni.

Jioni ndiyo ilikuwa sehemu yenyewe. Hakuna aliyeruhusiwa kurudi na kipande chake. Unachukua cha mwenzako, unakwenda nacho kwako, unakiweka mahali unapokiona kila siku. Kuanzia hapo mpaka mkutano mwingine ni wajibu wako kumwuliza mwenye kipande: ile friji iko namna gani? Naye ni wajibu wake kujibu ukweli. Ukijibu "iko bien, merci" kumbe imezimika, mwaka unaofuata utasimama mbele ya watu na utajua dunia ni ndogo.

Mwaka ule wa kwanza niliweka tangi dogo la petroli lililotoboka kwa kutu. Kwenye kiti cha jirani yangu alikaa mwanamke kijana mwenye koti la sufu, mgeni kama mimi. Zamu yake ilipofika hakuweka chuma. Aliweka chupa ndogo ya chanjo.

"Yangu haikuvunjika," alisema. "Yangu iliganda."

Huyo ndiye alikuwa Feza. Sisi wa ziwani tulikuwa tunapigana na joto, hakuna aliyefikiria kwamba kule Kirungu, juu kwenye milima ya Marungu, usiku wa kiangazi ni baridi kiasi kwamba friji inapitiliza. Alieleza polepole. Kabla yeye hajapewa kazi, friji ya kituo kimoja cha milimani iligandisha chanjo ya pepopunda bila mtu kujua, na mama wajawazito wakachomwa ile ile. Mama mmoja alizaa, mtoto akanyonya siku chache tu, kisha taya zikakaza. Feza aliposema hivyo alikunja ngumi yake ndogo kutuonyesha jinsi mkono wa mtoto ulivyobaki. Yeye hakulia. Sisi ndio tuliokuwa tunatazama dari.

Papa Selemani aliishika ile chupa, akaigeuza kwenye mwanga.

"Usiku upunguze utambi, mwanangu," alimwambia. "Na makartoni yasiguse ukuta wa barafu. Panga chupa za maji katikati."

Hiyo ndiyo ilikuwa pole yake, na nadhani ilimfaa kuliko ya padri. Jioni tulipogawana, mimi nilipata ile chupa, na Feza akachukua tangi langu lenye tundu.

Wakati ule hakukuwa na simu za mkononi. Kila zoni ilikuwa na redio tuliyoiita foni, na asubuhi, saa ya taarifa, sauti za jimbo zima zilisikika pamoja, kila mmoja akimsikia mwenzake. Taarifa za magonjwa zilipokwisha, ndipo sisi wa meza tulipoingia.

"Kalemie, Kalemie, huku Kirungu. Papa Lumbu, ile friji iko namna gani?"

"Inapiga baridi, Mama. Nilipata tangi ingine. Na ile ya kwako?"

"Kila mangaribi ninapunguza utambi. Haijaganda tena."

Hayo tu. Lakini yaulize mwaka mzima, miaka na miaka, hata kama vipande vimebadilika mikono, na utaona kwamba umemjua mtu. Nilijua siku ambazo Mama Feza hakulala. Nilijua alipopata mimba, kwa sababu pumzi ilikatika katikati ya neno "friji". Mtoto aliitwa Riziki. Nilimsikia Riziki akilia ndani ya foni kabla sijajua sura yake.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote pale mezani kililetwa na Papa Ilunga wa Manono, na kilikuwa kamba ya baiskeli. Alikuwa na friji iliyokataa kabisa kupoa. Akaamua kuirudisha Manono, akaifunga kwenye baiskeli. Friji ikawa inateleza, akaigeuza miguu juu ili ishike, na kuisukuma hivyo hivyo siku nzima katika njia mbaya. Alipofika alikolala, mwenyeji akamwambia kumbeba mgonjwa kichwa chini ni dhambi. Akaisimamisha kwa aibu, akaacha itulie, na asubuhi akaiwasha kwa kujaribu tu. Ikagandisha maji. Hakumwambia mtu. Aliweka kamba mezani akiwa ameinamisha uso, anangoja tumcheke, na kweli tulimcheka mpaka machozi.

Papa Selemani peke yake hakucheka. Aliuliza friji ilikaa kichwa chini muda gani, njia ilikuwa na mashimo kiasi gani, kisha akasema kwamba maji ya dawa yaliyomo ndani ya mabomba yanaweza kukwama mahali pabaya, na ukiipindua yanarudi nyumbani. Tangu siku ile, friji ikifa katika jimbo letu tuliipindua mchana na usiku, tukaisimamisha, tukaiacha itulie, ndipo tukaiwasha. Si zote zilizoamka, lakini nyingi ziliamka. Baadaye mgeni mmoja wa mafunzo alituambia kwamba jambo hilo wao wanalijua toka zamani. Tukamwuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akasema hakuna aliyewahi kuuliza.

Miaka ya vita mkutano haukufanyika. Barabara zilikufa, treni ikalala, na baadhi ya wenzetu hatukuwasikia tena. Tulifanya meza kwa foni. Kila mmoja alieleza kipande chake kwa maneno: kina urefu wa kidole, kimeungua upande mmoja, kinanuka petroli. Kisha Papa Selemani aligawa kwa sauti, "Kipande cha Kabalo, ichukue Moba," na wa Moba anajibu, "Nimekipokea," kama kimewekwa kiganjani mwake. Nilikuwa nafunga macho ili nikione. Papa Selemani alikufa vita vilipotulia, kwenye kitanda chake, jambo ambalo siku zile lilihesabika kuwa bahati.

Sasa nifike kwenye asubuhi moja ambayo sijawahi kumwambia mtu. Mke wangu alikuwa amekufa wiki ile. Nilirudi kazini mapema, kwa sababu nyumbani sufuria zake zilikuwa zinanitazama. Taarifa za foni zilipokwisha, ikaingia sauti ya Kirungu.

"Kalemie, huku Kirungu. Papa Lumbu, ile friji iko namna gani?"

Kanuni ni kujibu ukweli. Nilibonyeza kitufe nikasema, "Imezimika, Mama."

Friji yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri, na yeye alijua. Habari ya msiba ilikuwa imemfikia. Hakuniambia pole, hakuniambia ni mapenzi ya Mungu. Alinyamaza, lakini hakufunga foni; nilisikia upepo wa Kirungu ukipita kwenye kifaa chake. Na zoni zote zilizokuwa zinasikiliza, Manono, Kabalo, Nyunzu, Moba, hakuna aliyeingia. Redio ambayo kila siku tuligombania nafasi ilikaa kimya kwa ajili yangu. Nililia na kitufe mkononi. Kisha Mama Feza akasema, "Tutauliza tena kesho," na akauliza kesho, na keshokutwa, mpaka siku nilipoweza kumjibu kwamba inapiga baridi kidogo.

Watu wa nyumbani hawakujua. Ukimwambia mtu kwamba aliyekushika mkono katika msiba ni sauti ya mama mmoja unayekutana naye siku chache kwa mwaka, kati ya vichomeo, atafikiri kuna neno. Hakukuwa na neno. Kulikuwa na meza.

Friji za sola zilikuja, na mimi si mtu wa kulilia petroli. Mgongo wangu unashukuru. Watoto wanaopata chanjo nzima leo ni wengi kuliko enzi zetu. Lakini pamoja na sola zilikuja mashine za kurusha picha ukutani, ukumbi mpya wenye mapazia, na programu iliyopangwa vizuri sana. Kila zoni ilipewa muda wa kuonyesha matokeo yake, na matokeo, kama mnavyojua, yanapenda kuwa mazuri yakionyeshwa ukutani. Mwaka wa kwanza walisema meza itakuwa mwishoni kama muda utatosha. Muda haukutosha. Mwaka uliofuata kijana mmoja mwandaaji, mwenye adabu kabisa, alinivuta pembeni.

"Papa, mutatusamehe. Vyuma vinachafua ukumbi, na hapa tumepangishiwa."

Nikamwambia tutaleta turubai. Akasema mwaka kesho, Papa. Meza ndefu ilikuwepo, lakini juu yake walikuwa wamepanga chakula ndani ya vifurushi.

Hiyo ndiyo siku ambayo wengi wenu mlimwona Mama Feza, viti vya nyuma, na mfuko juu ya mapaja. Alikuwa amekonda. Nilidhani ni uzee, maana mimi mwenyewe suruali ilikuwa inanipwaya. Nilikwenda kukaa karibu yake.

"Mama, umeleta?"

"Nimeleta, Papa. Sasa nitakiweka wapi?"

Tuliitazama ile meza ya vifurushi.

"Nipe miye," nikamwambia. "Nitakwenda nacho, nitauliza."

Akaubana mfuko kwa mikono miwili, na nilimwona akiudhika. "Hapana. Kipande kinapitia ku meza, mbele ya bantu. Haipeanwe mu kona kama bangi. Tutangoja mwaka kesho."

Alikuwa hivyo toka mwanzo, kanuni kwake ni kanuni. Tukala chakula cha kwenye kifurushi. Akapanda boti.

Basi mwaka ule hakuna aliyekuwa na kipande cha mtu. Hakuna aliyeamka asubuhi akaona kwenye dirisha lake chuma cha Kirungu, akakumbuka kuuliza. Kila mmoja wetu alikuwa na namba za simu za wenzake wote, na kundi la ujumbe ambamo tulitumiana heri ya mwaka mpya na picha za maua. Mimi nilimpigia mara mbili, simu ikasema haipatikani, na mtandao wa Kirungu unajulikana. Nikasema atapiga mwenyewe.

Aliyepiga alikuwa muuguzi mkuu wa kituo chake. "Papa Lumbu, Mama Feza ametutoka." Alikuwa ameumwa msimu mzima wa mvua, uvimbe tumboni, na kwa kila aliyemtazama alisema ni malaria. Nilikaa kwenye kiti cha depo nikaikumbuka ile methali ya Papa Selemani, na kwa mara ya kwanza niliichukia. Mama Feza hakuwa mtu wa kuficha. Alikuwa mtu wa kujibu. Alitaka mtu amwulize, kama kanuni ilivyosema, na sisi tulikuwa tumeikunja kanuni pamoja na turubai.

Nilipanda boti mpaka Moba, na kutoka Moba pikipiki ikanipandisha milima mpaka Kirungu. Baridi ilinipata sina koti. Yeye alikuwa amekwisha kuzikwa, lakini matanga yalikuwa bado yamejaa: upande wa baba chini ya hema moja, upande wa mama chini ya jingine, kwaya ya kanisa pembeni, na majirani karibu na moto. Mzee aliyekuwa anapokea wageni alinishika mkono.

"Karibu, Papa. Uko wa upande gani?"

Nilifungua mdomo nikaona sina upande. Si ndugu, si mkwe, si kabila moja, si kanisa moja. Hata kituo cha afya hakikuwa changu.

"Niko wa friji," nikasema.

Mzee alinitazama kwa huruma ya kweli, akanipeleka kwa majirani, akaniletea blanketi. Nilikaa pale mpaka asubuhi katikati ya watu waliokuwa wanasimulia jinsi Mama Feza alivyokuwa anapika maharagwe, jambo ambalo mimi sikulijua kabisa.

Asubuhi alinijia mwanamke kijana, kichwa kimenyolewa kwa msiba, na koti la sufu ninalolifahamu. Kabla hajasema nilijua ni Riziki, kwa sababu ana pumzi ya mama yake.

"Njo weye Papa Lumbu? Mama alisema utakuya." Akanipa ule mfuko. "Alisema haiko yako. Alisema uipeleke ku meza."

Ndani, ndani ya kitambaa, kilikuwamo kishikio cha utambi kilichopasuka katikati. Kilitoka kwenye friji yao ya zamani ya petroli, ambayo alikuwa amekataa itupwe hata sola zilipokuja, kwa sababu ilimsaidia kugandisha barafu za kubebea chanjo vijijini. Riziki akaniambia friji yenyewe iko kituoni, miguu juu. Mama yake aliipindua siku yake ya mwisho kazini, akasaidiwa na mlinzi, akaenda nyumbani kupumzika, na hakurudi. Muuguzi mkuu, ambaye ni mgeni kule, aliikuta hivyo na kuamua kwamba imekufa. Lori la vyuma chakavu lilikuwa limekwisha kuambiwa lipite.

Nilimwomba Riziki tuondoke pale matangani kidogo. Sijui watu walifikiri nini.

Tuliisimamisha sisi wawili na mlinzi, tukaiweka sawa kwa glasi ya maji juu yake, tukaiacha itulie. Mama Feza alikuwa amekwisha kuchongesha kishikio kipya cha bati kwa mhunzi wa Kirungu, kimefungwa tayari, kazi safi. Tulitia petroli, nikawasha, na magoti yangu yakakataa kwenda chini. Nikatoa kioo changu mfukoni nikampa Riziki. Alilala tumbo chini bila kuuliza, na koti la mama yake.

"Unaona rangi gani?"

Alikaa muda, mkono wake unazungusha utambi kidogo kidogo.

"Buluu, Papa."

Nilibaki Kirungu mpaka matanga yalipokwisha. Siku ya kuondoka nilimwomba Riziki anipeleke kaburini. Ni udongo mwekundu kwenye mteremko, na msalaba wa mbao ambao jina lake limeandikwa vizuri. Kwa kanuni sikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa kipande kilikuwa hakijapita mezani. Niliuliza hata hivyo. Nilisema kwa sauti kama tuliyokuwa tunaitumia kwenye foni, "Kirungu, huku Kalemie. Mama Feza, ile friji iko namna gani?"

Upepo ulipita, ule ule niliokuwa nausikia ndani ya redio. Nilikuwa nimekwisha kugeuka niondoke, aibu imenishika, ndipo Riziki alipojibu nyuma yangu.

"Imegandisha, Papa. Asubui hii nilishika barafu na mukono."

Nililia pale, mzee mzima, mbele ya mtoto wa watu, na hakusema kitu mpaka nilipomaliza.

Kipande kiko depo, kwenye droo ya juu ya ile meza yangu ya kazi niliyowaachia, ndani ya kitambaa chake. Mama Feza alikataa kunipa mkononi, kwa hiyo si changu, na mstaafu haalikwi kwenye mkutano. Mwaka huu tafuteni meza, hata ya kuazima, na turubai ninalo mimi, njooni mlichukue. Kiwekeni mbele ya watu, muweke na vya kwenu, mgawane. Atakayekipata ataona namba ya Riziki nimeishona kwenye kitambaa kwa uzi. Ampigie. Aulize friji kwanza, kisha anyamaze kidogo, asikate simu.